Pedeli Isiyorudi: Kilango cha Hewa Kinaponasa katika Magari ya Zamani

Kata ya Kitandililo imo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe, kwenye nyanda za juu ambako asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali na barabara za vumbi huunganisha vijiji na mji. Magari yanayopeleka mazao Makambako, penye makutano ya barabara kuu ya kwenda Zambia na ile ya Njombe na Songea, mara nyingi ni ya umri mkubwa, na miongoni mwa hitilafu zake iko moja ambayo hudharauliwa hadi siku inapoleta ajali: dereva huondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, lakini injini huendelea kunguruma kana kwamba mguu bado umekanyaga.

Ijapokuwa huitwa pedeli ya mafuta, katika gari la petroli pedeli hiyo kwa kweli huongoza hewa. Waya wa chuma unaoteleza ndani ya ala yake hutoka kwenye pedeli hadi kwenye mkono mdogo ulio ubavuni mwa kabureta, yaani kifaa kinachochanganya hewa na petroli, na mkono huo huzungusha mhimili uliobeba bamba jembamba la mviringo, ambalo hapa litaitwa kilango cha hewa. Kilango kikifunguka, hewa hupita kwa wingi na kuvuta petroli zaidi. Katika magari yenye mfumo wa kupuliza petroli, kompyuta hupima hewa hiyo kisha huamua kiasi cha petroli kinachostahili. Mguu ukiondolewa, springi za kurudisha hukifunga tena kilango. Kwa hiyo kufungua ni kazi ya mguu, ilhali kufunga ni kazi ya springi peke yake, na kila kinachoongeza msuguano au kudhoofisha springi hizo huharibu upande wa kurudi kabla ya dereva kuhisi lolote katika upande wa kukanyaga.

Mazingira ya Makambako huongeza tatizo kwa njia mbili. Mji huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na pwani, hivyo injini ya zamani hupoteza nguvu na dereva mwenye mzigo hulazimika kukanyaga pedeli hadi mwisho mara nyingi zaidi. Na ni huko mwishoni ambako nyuzi zilizokatika za waya hujikunja na kukwama kwenye mdomo wa ala. Pili, vumbi jekundu la kiangazi hupenya pale kichujio cha hewa kilipotoboka au kufungwa vibaya, likachanganyika na ukungu wa oili unaotoka ndani ya injini, na mchanganyiko huo hugeuka utando mzito unaoganda kuzunguka ukingo wa kilango.

Chanzo huweza pia kuwa mahali ambapo fundi hakutazamia. Mwaka 1971 kampuni ya General Motors ya Marekani iliita magari yapatayo milioni 6.7 yarekebishwe kwa sababu maunti za injini, yaani mipira inayoishikilia injini kwenye fremu, zilipokatika ziliiruhusu injini kuinuka na hivyo kuweza kukwamisha kilango kikiwa wazi. Mwaka 2009 Toyota nayo iliita mamilioni ya magari kwa sababu ya zulia la miguuni lililoweza kuizuia pedeli isirudi. Kwa gari kuukuu lililotandikwa kipande cha kapeti kilichokatwa kwa kisu, somo hilo la pili lina uzito kuliko maelezo yoyote ya kabureta, na kuliangalia zulia hakugharimu hata shilingi.

Uchunguzi wa maana huanza injini ikiwa imezimwa na kupoa. Waya huchomolewa kwenye mkono wa kabureta, kisha mkono huo husukumwa kwa kidole hadi mwisho na kuachiwa. Ukirudi kwa kishindo, kabureta haina kosa, na ubaya utafutwe kwenye waya, pedeli au zulia. Ukirudi kwa uvivu au ukisimama njiani, waya hauna hatia. Jaribio hili la dakika chache huokoa fedha nyingi, kwa kuwa katika gereji nyingi hatua ya kwanza huwa ni kugusa skrubu ya sailensi, ile inayopanga mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Kuilegeza skrubu hiyo hushusha mngurumo kwa muda tu, huku kilango kikiendelea kunasa, na baadaye gari huzimika kila linapopunguza mwendo.

Waya uliochanika nyuzi haukarabatiwi, hubadilishwa. Mpya upitishwe bila kona kali, mbali na bomba la moshi, na uachwe na ulegevu kidogo ili kilango kifunge kabisa pedeli inapoachwa. Grisi si dawa ya waya wenye ala ya plastiki, kwani hunasa vumbi. Springi nayo isibadilishwe kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, maana mpira hukakamaa kwa baridi na kuoza kwa joto la injini. Tena inafaa springi ziwe mbili, sharti ambalo kanuni za usalama za Marekani ziliweka tangu 1973 kwa kudai vyanzo viwili vya nguvu ya kurudisha kilango, ili kimoja kikikatika kingine kibaki.

Ikiwa kasoro iko kwenye kilango chenyewe, utando husafishwa kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa ya kusafishia kabureta, bila kukwangua kwa bisibisi, na kazi ifanyike nje, mbali na moto. Kilango kinachoongozwa na mota ya umeme kisilazimishwe kwa mkono. Lakini mhimili ukiwa unacheza, usafi hautasaidia, kwa sababu tundu lake limelika na bamba huegemea upande mmoja. Hapo fundi wa kukereza vyuma huweka bushi mpya, na skrubu za bamba lazima zifungwe zisiweze kulegea, kwa kuwa ikidondoka moja humezwa na injini.

Katika nyanda hizi, si kila mngurumo wa asubuhi ni ugonjwa. Choki, kifaa kinachopunguza hewa ili injini baridi iwake, huinua sailensi kwa makusudi hadi injini ipate joto. Ikibaki juu baada ya hapo, choki ndiyo iliyonasa. Aidha, petroli inapogeuka mvuke hufyonza joto, na katika asubuhi yenye ukungu barafu huweza kujijenga kwenye kilango hata halijoto ya nje ikiwa juu ya sifuri, ikayeyuka kabla fundi hajafungua boneti.

Hitilafu ikijitokeza barabarani, dereva akanyage breki mara moja kwa nguvu bila kuiachia, kwa kuwa kilango kikiwa wazi busta ya breki hukosa mvuto unaoisaidia, na kila kuachia humaliza akiba iliyobaki. Kisha aweke gia huru, aiache injini ipige kelele, aliongoze gari pembeni na kuzima swichi bila kuchomoa ufunguo, kwani usukani huweza kujifunga. Katika gari kuukuu la dizeli, ambalo kwa kawaida pedeli yake huongoza mkono wa pampu badala ya kilango cha hewa, kuzima swichi huenda kusiizime injini. Ikiwa lina kitufe cha kuvuta kinachokata dizeli, waya wa kitufe hicho nao ukaguliwe pamoja na ule wa pedeli.