Njia ya Kudumu au Njia ya Agizo? Uelekezaji wa Pakiti katika Mtandao wa Wavu

Makala haya yananuia kueleza jinsi njia za kudumu zinavyowekwa katika mtandao wa wavu usiotumia waya, na kuonyesha kwamba istilahi hiyo ya 'njia ya kudumu' huweza kumpotosha mtumiaji. Katika mtandao wa wavu, kila ruta huzipokea pakiti za jirani na kuzipitisha mbele. Kwa hivyo, lango moja la intaneti laweza kuvihudumia hata vituo visivyofikiwa na mawimbi yake.

Kwa kawaida, njia hutafutwa na itifaki. Mathalani, itifaki ya OLSR, iliyochapishwa mwaka wa 2003 kama RFC 3626 na kutumiwa na jumuiya ya Freifunk mjini Berlin, huzifanya ruta zisalimiane kila baada ya sekunde 2 na kutangaza hali ya viungo kila baada ya sekunde 5, iwapo viwango vyake vya msingi havijabadilishwa. Salamu hizo hula nafasi ya mawimbi. Pale ambapo ruta ni chache na milingoti haihami, msimamizi huweza kuziandika njia mwenyewe.

Tuchukue mfano wa ruta tatu. A (10.0.0.1) ni lango, B (10.0.0.2) iko kati, na C (10.0.0.3) inahudumia maktaba yenye mtandao wa 192.168.3.0/24. A na C hazisikiani. Kwanza, B iruhusiwe kupitisha pakiti zisizo zake. Pili, A iagizwe kupitishia pakiti za maktaba kwa B, nayo B izielekeze kwa C. Tatu, C iagizwe kupitishia kwa B pakiti zote ziendazo nje, nayo B izielekeze kwa A. Nne, kwa kuwa ruta hizi zina anwani za mtandao mmoja, B huweza kuzishauri A na C ziwasiliane moja kwa moja. Ushauri huo uzimwe, la sivyo pakiti zitatumwa pasipo mpokeaji.

Ikumbukwe kwamba njia ya kwenda haizai njia ya kurudi. Wahenga walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Pakiti nayo sharti iandaliwe marejeo. Vinginevyo ombi hufika na jibu likapotea, na msimamizi akalaumu antena isiyo na kosa.

Je, B ikizimika? A itaendelea kutuma pakiti huko huko, hata kama ruta ya nne iko karibu na ingeweza kuzipokea. Maktaba itakatika mpaka mtu abadilishe maandishi. Ni bayana basi kwamba kinachodumu ni agizo, si njia. Ndiposa ninapendekeza istilahi 'njia ya agizo', ambayo inamkumbusha msimamizi kwamba aliyeagiza ndiye wa kutangua.

Kwa muhtasari, njia ya agizo inafaa pembezoni: kwenye lango na kwenye mitandao iliyo nyuma ya ruta, ambayo OLSR huitangaza kwa ujumbe uitwao HNA. Katikati ya wavu, ambako mlingoti mmoja ukianguka wengi hukatika, itifaki iachiwe kazi yake. Penye agizo pekee, pawe na mtu wa kuliangalia.