Blanketi la Vipande: Upimaji Ndio Msingi

Huenda msomaji akauliza: blanketi la sufu ni la nini Mombasa, mji wa joto na jasho? Lakini wakaao Likoni, Kisauni na Changamwe wanaijua miezi ya Juni, Julai na Agosti, upepo wa kusi uvumapo na mvua inyeshapo usiku. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, na wazee nao huihisi baridi ya alfajiri. Tena wengi wana jamaa zao bara, na safari ya usiku ya kwenda Nairobi si ya kuendewa na kanga tupu.

Kufuma sufu si jambo geni nchini. Maendeleo ya Wanawake ilipoanza mwaka 1952, chini ya serikali ya kikoloni, kufuma na kushona yalikuwa miongoni mwa mafunzo ya vikundi vyake. Kwa anayejifunza, blanketi la vipande lafaa kuliko yote. Kila kipande ni somo moja, na kipande kimoja kikiharibika hufumuliwa bila kuharibu kazi nzima.

Kanuni yake akina mama wa pwani wanaijua tangu zamani katika mkeka. Kwanza husukwa ukili, kisha ukili hushonwa kwa ukili. Ukili ukiwa mpana huku na mwembamba kule, mkeka haunyooki. Hapo ndipo wafumaji wengi wa blanketi wakosapo.

Katika ufumaji kuna vitanzi vya namna mbili: cha wazi, uzi ukiwa nyuma ya sindano, na cha kinyume, uzi ukiwa mbele. Kwa hivyo viwili hupatikana sura nyingi. Hizi nne zinatosha kuanzia:

Matuta: kila safu ni vitanzi vya wazi vitupu.

Punje: kimoja cha wazi, kimoja cha kinyume. Idadi iwe witiri, na kila safu ianze kwa cha wazi.

Mbavu: viwili vya wazi, viwili vya kinyume. Idadi igawanyike kwa 4.

Kikapu: vinne vya wazi, vinne vya kinyume, kwa safu nne, kisha badili, uanze kwa vinne vya kinyume kwa safu nne nyingine. Idadi igawanyike kwa 8.

Sasa tazama hatari yake. Vitanzi 32 vya matuta vyaweza kutoa upana wa karibu sentimita 15, lakini vitanzi 32 vya mbavu, kwa uzi na sindano zile zile, hujivuta na kuwa vyembamba sana. Matuta nayo huhitaji safu nyingi zaidi ili kufikia urefu ule ule. Basi anayehesabu vitanzi bila kupima atapata vipande visivyolingana, na fedha ya sufu itakuwa imekwenda bure.

Dawa ni kufuma kwanza kipande kidogo cha majaribio kwa kila sura, kukilaza mezani bila kukivuta, na kukipima kwa utepe. Vikiwa vitanzi 22 katika sentimita 10, basi sentimita 15 zahitaji vitanzi 33. Kisha idadi hiyo irekebishwe kidogo ili ilingane na sura yenyewe.

Jambo hili ni kubwa zaidi kwa wanaofuma kwa pamoja. Tuseme mmoja yuko Likoni, ng'ambo ya feri, wa pili Kisauni, na wa tatu Changamwe. Mmoja huvuta uzi kwa nguvu, mwingine huulegeza. Wakipatana juu ya idadi ya vitanzi, vipande vyao havitakutana. Wakipatana juu ya sentimita 15, vitakutana. Vipande 30, vitano kwa sita, hutoa blanketi la mtoto la sentimita 75 kwa 90.

Kabla ya kununua uzi wote, pima uzito wa kipande cha kwanza kwa mzani wa duka. Kikiwa gramu 10, vipande 30 vyataka gramu 300. Ongeza kidogo kwa kushonea. Asiyeweza kununua uzi mpya aweza kufumua sweta la mitumba, kama yale ya soko la Kongowea. Achague lenye mishono iliyounganishwa kwa uzi, kwani lililokatwa kwa mkasi pembeni hutoa vipande vifupi vya uzi tu. Uzi uliofumuliwa ufungwe mafungu, uoshwe, na uanikwe ili mikunjo itoke. Sufu isichanganywe na pamba, maana zikioshwa hazirudi sawasawa.

Mwishowe, lowesha vipande vya sufu, vinyooshe juu ya godoro kwa pini hadi sentimita 15 kila upande, na uviache vikauke kivulini. Vipange chini kabla ya kushona, sura moja isikae mahali pamoja, kisha vishone kwa sindano butu. Blanketi likitumiwa kwa mtoto, uso wake usifunikwe kamwe.

Sura za vipande na zitofautiane zitakavyo, lakini vipimo viwe kimoja. Blanketi lililopimwa vema litamfaa mtoto wa leo, na yeye akikua, litamfaa mdogo wake.