Sindano za Kuamsha Kolajeni: Uso Uliopungua na Tiba Inayohitaji Subira

Uzee haukunji ngozi ya uso tu. Huupunguzia uso ujazo. Vifuko vya mafuta vilivyo chini ya ngozi husinyaa, mifupa ya taya na mashavu hulika polepole, na kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hutengenezwa kwa uchache. Mashavu hubonyea na panja huingia ndani.

Hali inayofanana na hiyo iliwapata mapema baadhi ya watu waliotumia stavudini, dawa ya kufubaza VVU. Dawa iliokoa maisha yao, lakini iliwayeyusha mafuta ya usoni, na uso ukawa kama unatangaza siri ya mwenyewe. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Ni kwa ajili ya wagonjwa wa aina hiyo ambapo Marekani, mwaka 2004, iliidhinisha sindano ya asidi ya poli-L-laktiki, iitwayo kibiashara Sculptra. Matumizi ya urembo yaliidhinishwa huko mwaka 2009.

Dutu hii ni ya jamii moja na nyuzi za kushonea zinazoyeyuka mwilini. Maji yaliyochanganywa nayo huvimbisha shavu kwa siku chache, kisha hunyonywa na uso hurudi ulivyokuwa. Mgonjwa ambaye hakuelezwa mapema hudhani ametapeliwa. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza: seli za kinga huzizingira chembechembe za dawa, na seli za ngozi huchochewa kutengeneza kolajeni mpya kwa wiki na miezi. Kwa kawaida sindano hurudiwa mara kadhaa, kwa kupishanisha wiki kadhaa, na matokeo yanaweza kudumu hadi miaka 2 hivi.

Hatari zake zisifichwe. Vinundu vinaweza kujitokeza chini ya ngozi, hata baada ya miezi mingi; ndiyo sababu mgonjwa huelekezwa kukanda uso, aghalabu dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5. Asidi ya haialuroniki ina kimeng'enya cha kuiyeyusha. Dutu hii haina. Mwenye historia ya makovu ya keloidi asidungwe. Dawa ikiingia katika mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa au jicho kupofuka. Maumivu makali, ngozi kupauka ghafla au kuona ukungu ni dharura ya saa ile ile.

Kwa hiyo sindano hii si ya saluni. Mhudumu wa afya anapompokea mtu aliyekonda uso, aanze kwa kuuliza: amepungua uzito? Ana kikohozi, homa, kiu ya mara kwa mara? Kifua kikuu na kisukari navyo hukondesha mashavu. Na anayetumia dawa za VVU asiziache kwa sababu ya sura yake. Amwone daktari wake, kwani dawa inaweza kubadilishwa bila tiba kukatika.