Boksi Zuri Kuliko Yote Ndilo Lisilofunguliwa

Kila mwaka mwezi wa Novemba, ukumbi mkubwa wa mikutano wa Telford, mji ulio magharibi ya kati ya Uingereza, hujaa watu wenye mifuko mizito. Wamekuja kwenye maonyesho ya modeli za kuunganisha yanayoandaliwa na IPMS, chama chao kilichoanzia nchini humo miaka ya 1960. Juu ya meza za vilabu zimepangwa ndege, vifaru, meli na magari madogo yaliyopakwa rangi kwa ustadi hata unaona kutu penye chuma na tope penye magurudumu. Hizo ni kazi zilizokamilika. Kwenye mifuko inayotoka nje jioni mna kitu kingine: maboksi ambayo hayajafunguliwa. Wengi wanaoyabeba wanajua fika kwamba nyumbani yapo mengine, darini, chini ya kitanda, nyuma ya makoti kabatini, na kwamba haya mapya yanakwenda kukaa juu ya yale ya mwaka jana.

Kuunganisha modeli ni kazi ya polepole. Ndani ya boksi mna fremu za plastiki zilizobeba vipande, pengine 60, pengine 600. Kila kipande hukatwa, hupigwa msasa na kuunganishwa kwa gundi, kisha mapengo huzibwa na rangi hupuliziwa tabaka kwa tabaka, ikiachwa ikauke kila mara. Nembo za ndege huloweshwa majini na kubandikwa moja moja kwa kibanio. Mtu mwenye ajira na familia akikamilisha modeli 6 kwa mwaka amejitahidi. Tuseme ana maboksi 300, idadi isiyomshangaza yeyote katika vilabu hivi. Atahitaji miaka 50, tena asinunue jingine hata moja. Kama ana umri wa miaka 60, jibu analo. Wenyewe wameipiga hesabu hiyo mara nyingi, na wana hata jina la utani kwa akiba iliyoupita umri wa mwenye akiba. Bado wananunua.

Ni rahisi kuwacheka. Mimi sioni cha kucheka. Naamini nyuma ya marundo hayo kuna jambo zito kuliko ulafi, na linajitokeza ukitazama ni maboksi gani hasa yanayobaki chini kabisa mwaka hadi mwaka.

Mwanzoni hapakuwa na marundo. Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria, alianzisha kampuni ya Airfix jijini London mwaka 1939, akitengeneza vitu vya kuchezea vya mpira, kisha vitana vya plastiki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni hiyo ilipewa kazi ya kutengeneza trekta dogo la Ferguson kwa ajili ya mawakala wa mauzo. Kuliunganisha kiwandani kulikuwa na usumbufu mwingi, likaishia kuuzwa vipande vipande ili mnunuzi aliunganishe mwenyewe. Mwaka 1952 ikafuata Golden Hind, merikebu ya Francis Drake, katika maduka ya Woolworths, ndani ya mfuko mwepesi wa plastiki, kwa shilingi 2. Shilingi hiyo ya Uingereza ilikuwa wakati ule na thamani sawa na shilingi yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1953 ikaja ndege ya kivita ya Spitfire kwa skeli ya 1:72, na mabawa ambayo kwa kweli yana mita 11 na ushei yakawa sentimita 15 na nusu.

Mtoto aliinunua Jumamosi asubuhi kwa pesa yake ya wiki, akaiunganisha mchana, na kufika jioni ilikuwa inaning'inia kwa uzi juu ya kitanda chake, gundi imechuruzika kwenye kioo cha rubani. Pesa ilitosha modeli moja tu, na muda alikuwa nao tele. Watoto hao walikua, wakaajiriwa, wakaoa, na kwao pesa na muda vikabadilishana nafasi. Mtu mzima anaweza kununua modeli tatu mchana mmoja. Asichoweza kukipata dukani ni ile Jumamosi isiyo na kazi. Kwa hiyo ananunua kile kinachouzwa, na ndani ya boksi anajiwekea ahadi ya muda.

Kisha kuna hofu, nayo ina msingi. Kalibu ya chuma inayotoa vipande vya modeli ni ghali mno kutengeneza, na kiwanda hakiitumii mfululizo. Hutoa idadi fulani ya modeli, huiweka kalibu ghalani, na huenda kikairudia baada ya miaka kadhaa au kisiirudie kabisa. Kampuni zenyewe hufa. Frog, iliyokuwa ikiuza modeli za plastiki Uingereza tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, ilifunga katikati ya miaka ya 1970. Kalibu zake nyingi zikapelekwa Muungano wa Kisovyeti, ila zile za ndege za Ujerumani na Japani, mataifa yaliyokuwa adui vitani, zikaangukia kwa kampuni ya Revell. Airfix yenyewe ilianguka mwaka 1981, kalibu zake zikahamia Ufaransa kwa muda, na mwaka 2006 mmiliki wake wa wakati huo naye akaanguka, ndipo kampuni ya Hornby ikaichukua. Aliyeyaona hayo yote kwa macho yake hujifunza jambo moja: ukikiona, kinunue.

Kisa kilichowaingia zaidi waunganishaji wa leo ni cha Wingnut Wings. Peter Jackson, mwongozaji wa filamu za The Lord of the Rings, ni mpenzi mkubwa wa ndege za Vita Kuu ya Kwanza, zile za mbao, kitambaa na nyaya. Huko kwao New Zealand alianzisha kampuni ya kutengeneza modeli za ndege hizo kwa skeli kubwa ya 1:32, na modeli za kwanza zilitoka mwaka 2009. Vipande viliingiana bila kulazimishwa. Vijitabu vya maelekezo vilijaa picha za enzi zile, hata msomaji asiyegusa gundi angeweza kukaa navyo jioni nzima. Waliozoea ndege za vita vya pili, hata wale waliokuwa wakizikimbia ndege za mabawa mawili kwa sababu ya utata wa nyaya zake, walianza kuzinunua.

Mwaka 2020 kampuni hiyo ilifunga. Modeli yake kubwa ya ndege ya Lancaster, iliyokuwa imekwisha kutangazwa na kusubiriwa kwa hamu, haikutoka kwa jina lake, ila ilikuja kutolewa baadaye na kampuni nyingine. Bei za maboksi yaliyokuwa mikononi mwa watu zikapanda. Hapo ndipo wenye nayo walipojikuta mahali pagumu. Walikuwa wameyanunua ili wayaunganishe, wakasubiri kidogo wajiimarishe kwa nyaya na rangi za mbao, na sasa kufungua boksi moja ni kukata kwa kisu kitu ambacho huenda kisitengenezwe tena na ambacho kuna mtu yuko tayari kukilipia mara kadhaa ya bei yake ya awali. Wengi waliyarudisha kabatini.

Ubora huo unaotisha haukuanzia New Zealand. Mkoa wa Shizuoka nchini Japani, palipo na viwanda vya Tamiya, Hasegawa na Bandai, umeishi kwa kazi hii miaka mingi. Tamiya ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikahamia kwenye modeli za mbao, kisha plastiki. Kifaru chake cha Panther cha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilipewa ukubwa wa 1:35 kwa sababu tu ndani yake palihitajika nafasi ya mota na betri, na kipimo hicho cha bahati kikawa kawaida ya dunia nzima kwa vifaru. Shunsaku Tamiya, aliyeiongoza kampuni hiyo kwa miongo mingi na kufariki mwaka 2025, alinunua gari halisi la Porsche 911 akalifungua lote, kipande kwa kipande, ili modeli yake isikosee. Nampenda sana mtu wa namna hiyo. Lakini fikiria mzigo anaoubeba mnunuzi. Aliyetengeneza vipande hivi alilivunja gari zima kutafuta usahihi. Wewe utakayekosea kupuliza rangi ya mlango ni nani?

Na hapo tunafika kwenye boksi la chini kabisa. Mwulize mwenye rundo anachoanza kukiunganisha wikendi hii, mara nyingi utasikia kitu kidogo, cha bei nafuu, cha kujifunzia. Lile alilolitamani kuliko yote, labda ndege aliyoirusha babake, labda meli aliyoiota tangu utotoni, analiweka hadi mkono wake ukomae. Anataka kulitendea haki. Mwaka unapita, ustadi unaongezeka kweli, na kiwango anachojiwekea kinaongezeka pamoja nao, kwa hiyo siku ya kustahili inabaki umbali uleule. Modeli iliyo ndani ya boksi haina kasoro hata moja. Picha iliyo juu ya mfuniko, ambayo kwa Airfix ya miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi ilichorwa na Roy Cross, bingwa wa moshi, mawingu na mwanga, inaahidi kitu ambacho hakuna gundi itakayokifikia. Ukikata kipande cha kwanza, ahadi inaanza kugeuka kazi ya mikono yako, pamoja na makosa yako.

Colin Campbell, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha York, aliandika mwaka 1987 kwamba raha kubwa ya mnunuzi wa zama hizi iko katika kukiwaza kitu kabla hajakipata, na kwamba kikishapatikana hakilingani na ndoto, hivyo tamaa huhamia kwa kingine. Naona yuko sahihi kwa sehemu. Kasoro ya maelezo hayo ni kwamba yanamfanya mtu huyu aonekane amechoshwa na alichonacho, na mimi simwoni hivyo. Hushusha boksi usiku, hulifungua, hugeuza fremu kwenye mwanga wa taa, husoma maelekezo hatua kwa hatua, kisha hulifunga. Mwanamke wa Pwani mwenye sanduku la kanga asizozivaa anaijua hali hiyo: hutoa doti moja moja, husoma jina, hukunja tena, na ukimwambia azigawe atakushangaa. Vitu hivyo vinatumika, ila kwa namna isiyoonekana na mpita njia.

Kinachonihuzunisha ni kwamba mwili hausubiri. Kuanzia umri wa miaka 40 macho huanza kukataa kuona karibu, na kazi ya kubandika nembo yenye upana wa milimita 3 inahitaji miwani, kisha miwani na lenzi ya kukuza. Vidole hupoteza utulivu. Yule aliyekuwa akijiandaa kwa miaka 20 anaweza kuzinduka siku moja akiwa na ujuzi wote na mkono unaotetemeka. Na boksi nalo linazeeka pamoja naye. Karatasi ya nembo hugeuka njano, na nyingine hupasuka vipande zikiguswa na maji. Wapo wanaozibandika dirishani wiki kadhaa ili jua lizing'arishe, na mara nyingi inasaidia. Matairi laini ya modeli za zamani za magari hula plastiki yanapogusana nayo kwa miaka, na mmiliki hufungua kile alichodhani ni kipya akakuta rimu zimeyeyuka.

Halafu kuna wanaobaki. Katika vilabu vya Uingereza na Marekani, ambako wanachama wengi ni wazee waliokua na Airfix na Revell, hili linazungumzwa kwa uwazi zaidi sasa. Mjane anaachiwa chumba kizima cha maboksi asiyoyajua thamani wala tofauti. Wapo wafanyabiashara wanaonunua akiba nzima kwa pamoja, kwa bei ya jumla iliyo chini sana ya kile marehemu alicholipa, na maboksi hayo hurudi kwenye meza za maonyesho, yananunuliwa na mtu mwingine wa umri uleule, na kuingia kwenye dari nyingine. Mengine yamepita mikono mitatu bila vipande kutolewa kwenye mfuko. Mwenye busara huacha daftari: jina la modeli, hali yake, bei inayofaa, na mwanachama wa klabu atakayemsaidia mkewe kuuza. Ni kazi ya jioni chache, na kwa familia ni msaada mkubwa kuliko maboksi yenyewe.

Zipo pia kanuni wanazojiwekea ili maji yasizidi unga. Wengine hawanunui moja kabla hawajamaliza mbili. Vilabu hukubaliana wote waunganishe ndege ya aina moja kwa miezi kadhaa, na boksi lililolala miaka 15 linapata sababu ya kushuka. Kanuni hizi husaidia kwa maboksi ya kawaida. Lile la chini kabisa huzikwepa zote, maana mwenyewe hulitetea kwa hoja nzuri.

Dawa ninayoiona kuwa na nguvu ni ile ya baadhi ya waunganishaji wakongwe: kukata kipande cha kwanza siku ileile ya kununua, kabla boksi halijapata kuzoea kabati. Fremu iliyokatwa haiuzwi tena kwa bei ya mpya, na mnunuzi yeyote atakagua kama kuna kilichopotea. Thamani ya sokoni inashuka pale pale mezani. Kinachobaki ni mwili wa ndege wenye nusu mbili zinazosubiri gundi, na mtu ambaye hana tena sababu ya kuuogopa.