Tingatinga: Picha haiozi, lakini soko lina masharti yake

MKULIMA anayepeleka nyanya sokoni hujiuliza mambo matatu: ametumia kiasi gani, bei ya leo ikoje na mnunuzi ni nani. Mchoraji wa Tingatinga naye anapiga hesabu hiyo hiyo, ingawa bidhaa yake haiozi.

Sanaa hii ilianzia Dar es Salaam mwaka 1968. Mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliwahi kuwa kibarua katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Hakuwa na mtaji wa kununua vifaa vya gharama. Alitumia vipande vya hadibodi, vingi vikiwa mraba wa sentimeta 60 hivi, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayopakwa baiskeli. Alichora ndege, wanyama na maisha ya kijijini. Picha ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni wengi walikwenda kununua mahitaji yao.

Hapo pana somo la kwanza: malighafi ya bei nafuu, na soko lililo karibu na mwenye fedha.

Kutoka mtu mmoja hadi ushirika

Tingatinga alifariki dunia mwaka 1972, baada ya kupigwa risasi na polisi kimakosa. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Fani haikuzikwa naye kwa sababu alikwishawafundisha ndugu na jamaa, wakiwamo Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata. Mwaka 1990 wachoraji waliunda chama cha ushirika, na mteja akajua pa kuwapata.

Bidhaa nayo ilibadilika. Hadibodi iliachia nafasi kitambaa cha pamba kinachowambwa kwenye fremu, kwa kuwa mtalii anaweza kukikunja na kukitia begini. Anayepanda ndege hataki mzigo mzito.

Kunakiliana kunashusha bei

Tatizo kubwa ni picha kufanana. Chui mmoja akiuzika wiki hii, wiki ijayo wanatundikwa chui ishirini wa aina ile ile. Mteja anazunguka vibanda akishindanisha bei, na anayeshindwa ni mchoraji mwenye shida ya fedha siku hiyo. Ni yale yale ya wakulima wote kuvuna mahindi kwa pamoja.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji tangu anapokamilisha kazi yake. Kuisajili COSOTA kunamsaidia kupata ushahidi pakitokea mgogoro. Lakini sheria hailindi mtindo. Yeyote anaweza kuchora kwa namna ya Tingatinga, ila haruhusiwi kunakili picha ya mwenzake. Kwa hiyo faida iko kwa anayebuni kitu kipya na kuweka sahihi yake.

Mali kauli na maonyesho

Njia nyingine ni maonyesho. Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, inawapa wasanii nafasi ya kufanyia kazi na kuonyesha. Katika ukumbi wa maonyesho picha hupata nafasi yake ukutani, na jina la mchoraji husomeka. Bei hupanda. Hata hivyo, kumbi nyingi huchukua picha kwa mali kauli: mchoraji hulipwa baada ya kuuza, tena kwa kukatwa kamisheni.

Tuchukue mfano. Picha imegharimu sh 12,000. Ukiiuza kibandani kwa sh 40,000, unabaki na sh 28,000 mkononi leo. Ukumbi ukiiuza kwa sh 80,000 na kukata asilimia 40, unapata sh 48,000, yaani faida ya sh 36,000. Umezidisha sh 8,000, lakini huenda fedha imekaa miezi mitatu. Mwenye picha moja hawezi kusubiri. Mwenye kumi anaweza kupeleka tatu ukumbini na saba akaziuza kibandani.

Kabla ya kuacha kazi yako kwa mtu, andikianeni: idadi ya picha, bei, kamisheni, siku ya malipo, na nani atagharamia picha ikiharibika. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha. Picha haiozi, lakini kodi ya nyumba haisubiri.