Vindolanda: Barua Zilizohifadhiwa na Matope

Kaskazini mwa Uingereza yapo mabaki ya ukuta wa mawe ambao Kaisari Hadrian aliamuru ujengwe mwaka 122 baada ya Kristo. Ukuta huo, wenye urefu wa kilomita 117 hivi, ulikuwa mpaka wa dola ya Kirumi, na mwaka 1987 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Siku hizi wageni hupanga nyumba ndogo za mashambani kwa likizo ya siku chache. Baadhi ya nyumba za eneo hilo zilijengwa kwa mawe yaliyong'olewa ukutani. Kutoka huko wageni hutembea kando ya ukuta na kuzuru ngome za kale. Mojawapo ya ngome hizo, Vindolanda, ina thamani ya pekee kwa sayansi.

Barua za mbao

Mwaka 1973 mwanaakiolojia Robin Birley alifukua hapo vibao vyembamba, vingi vikiwa na unene wa milimita 1 hadi 3 tu, vilivyoandikwa kwa wino. Katika barua moja ya mwaka 100 hivi, Claudia Severa anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Vimefukuliwa pia viatu vya ngozi zaidi ya 5,000.

Kwa nini havikuoza?

Mbao huozeshwa na kuvu na bakteria, na wengi wa viumbe hao huhitaji oksijeni. Warumi walipojenga ngome mpya juu ya ile ya zamani, walifunika mabaki kwa udongo wa mfinyanzi na mapande ya nyasi. Maji yalijaa humo, hewa ikazuiliwa, na oksijeni iliyosalia ikatumika hadi ikaisha. Hivyo uozo ulipungua mno.

Wino ulikuwa umefifia, lakini ulikuwa na kaboni. Kaboni hufyonza miali ya infraredi, ilhali mbao huirudisha. Kwa hiyo picha zinazopigwa kwa miali hiyo huonyesha herufi nyeusi.

Hatari ya ukavu

Hali ya hewa inapobadilika na udongo kukauka, nyufa hufunguka, oksijeni huingia na uozo huanza upya. Kwa sababu ya hofu hiyo, mwaka 2023 uchimbaji ulianza katika ngome jirani ya Magna. Shirika linalosimamia ngome hizi mbili, lililoundwa mwaka 1970, hutegemea sana viingilio vya wageni. Kwa hiyo mtalii anayelipa kiingilio husaidia kuokoa maandishi ambayo bado yamo ardhini.

Jaribio la darasani

Chukua vipande viwili vya kitambaa cha pamba vyenye uzito sawa. Kimoja kifukie katika udongo wa bustani wenye unyevu kidogo, ndani ya chombo kilicho wazi. Cha pili kifukie katika udongo wa mfinyanzi, kisha jaza maji hadi yaufunike udongo wote. Usikikaze kifuniko, kwani gesi huweza kutokea. Baada ya wiki nane vioshe polepole, vikaushe na uvipime tena. Ni kipi kilichopoteza uzito zaidi, na kwa nini? Je, ingekuwaje kama maji ya chombo cha pili yangekauka katikati ya jaribio?