Kidonge, Kibandiko na Ini

Julai 2002, wanawake 16,608 wa Marekani waliokwisha kukoma hedhi, waliokuwa kwenye utafiti wa homoni wa Women's Health Initiative, waliambiwa waache vidonge vyao. Takriban nusu yao walikuwa wakimeza estrojeni iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi majike wenye mimba, ikiwa imechanganywa na projestini; waliobaki walipewa vidonge visivyo na dawa. Magazeti yalishika habari ya saratani ya matiti. Habari ya damu kuganda haikusikika sana, nayo ndiyo ninayotaka tuitazame hapa.

Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, wasiopewa homoni waliopata bonge la damu kwenye vena walikuwa 16. Waliopewa walikuwa 34. Ukisema "hatari imeongezeka maradufu" umesema kweli, lakini umemtisha mama wa watu bila kumwambia kwamba nyongeza hiyo ni wanawake 18 katika 10,000. Tena wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Anayetafuta homoni hizi kwa sababu ya kukoma hedhi, yule anayeamka usiku wa manane shuka limelowa jasho, joto limempanda kifuani hadi usoni, mara nyingi ndiyo kwanza ana miaka 50.

Sasa tukifuate kidonge chenyewe. Kikishayeyuka, dawa inanyonywa na utumbo, na damu yote itokayo utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Estrojeni inafika pale ikiwa nzito. Na ini ndilo linalotengeneza protini nyingi za kugandisha damu, zile zinazokuokoa ukijikata kisu, pamoja na zile zinazozizuia zisivuke mpaka, kama antithrombini na protini S. Likipokea wimbi hilo la estrojeni, linaongeza baadhi ya zile za kwanza na kupunguza hizi za pili. Mizani inalala upande mmoja.

Mara nyingi bonge huanzia ndani ya kigimbi. Damu ya huko inapanda kwenda moyoni polepole, ikisaidiwa na misuli na vilango vidogo ndani ya vena. Mtu akikaa kitini saa nyingi, inatulia nyuma ya vilango hivyo, na hapo bonge linaanza. Kipande kikikatika, kinasafiri hadi moyoni na kusukumwa kwenye mapafu.

Kibandiko cha kwenye ngozi hakipiti njia hiyo. Estrojeni inapenya ngozi ya tumbo au nyonga, inaingia kwenye damu kidogo kidogo, na ini linapata fungu lake kama viungo vingine. Watafiti wa Ufaransa, katika utafiti wa ESTHER, walionyesha mwaka 2007 kwamba waliomeza estrojeni walikuwa na hatari ya takriban mara nne, ilhali wa vibandiko na jeli hawakuzidi wasiotumia kitu. Mwaka 2019 takwimu za Uingereza, zenye wagonjwa zaidi ya 80,000, zilitoa picha hiyohiyo: vidonge viliongeza hatari kwa zaidi ya nusu, vibandiko havikuongeza. Ni kweli kwamba katika tafiti hizi mbili hakuna aliyepigiwa kura apewe nini. Lakini daktari mwenye hofu ya damu kuganda humpa kibandiko yule anayemhofia zaidi, na bado wa vibandiko damu yao haikuganda zaidi. Kwangu hilo lina uzito mkubwa.

Projestini nayo ina sehemu yake. Mwenye mfuko wa uzazi hawezi kuiacha, maana estrojeni peke yake hunenepesha utando wa ndani na kuleta hatari ya saratani. Medroksiprojesteroni, iliyotumika kwenye utafiti ule wa Marekani, inaonekana kuongeza hatari kuliko projesteroni iliyo sawa na ya mwili.

Kwa anayemeza vidonge, mwaka wa kwanza ndio wa kuangaliwa zaidi. Kabla ya kuandikiwa amweleze daktari kama yeye, mama yake au ndugu yake aliwahi kuganda damu mguuni au mapafuni. Na mguu mmoja ukivimba, kigimbi kikauma na kuwa cha moto kuliko kile cha pili, au pumzi ikakata ghafla na kifua kuchoma, aende hospitali saa ileile.